Susanna Wesley: Alhamisi ilikuwa zamu ya Jacky

Kama ulikuwa mwanafunzi mwaka wa 2020, unaikumbuka ile Machi. Shule zilifungwa ghafla, mkaambiwa msomee nyumbani, na wengi wenu hamkurudi darasani hadi Januari 2021. Meza ya chakula ikawa dawati. Mama akawa mwalimu, akawa mpishi, akawa askari wa kulinda simu. Kufikia wiki ya tatu, kila mtu nyumbani alikuwa amemchoka mwenzake.

Sasa ichukue miezi hiyo uivute iwe zaidi ya miaka 20. Weka watoto kumi. Ondoa stima, ondoa intaneti, ondoa maji ya mfereji. Weka baba ambaye madeni hayamwishi, na majirani wanaokuja usiku kupiga kelele chini ya dirisha kwa sababu hawapendi siasa zake. Halafu ujiwekee sharti kwamba kila mtoto, wa kike na wa kiume, akishatimiza miaka mitano anaanza kusoma kesho yake. Si mwaka ujao, kesho!

Hiyo ndiyo kazi aliyojipa Susanna Wesley.

Jina Wesley huenda umelisikia. Ukienda Meru utakuta makanisa ya Kimethodisti kila upande, na chuo kikuu chao kiko huko huko. Ukishuka Pwani, kule Ribe katika kaunti ya Kilifi, ndiko mmishonari Thomas Wakefield alikoanzisha kituo chao mwaka wa 1862. Dhehebu hilo lilitokana na vuguvugu la ndugu wawili Waingereza wa karne ya 18, John na Charles Wesley. Susanna ndiye mama yao. Wahubiri humtaja Siku ya Kina Mama, wanasema alikuwa mcha Mungu, kisha wanaendelea na mahubiri. Mimi naona wanamharakisha sana.

Alizaliwa London tarehe 20 Januari 1669. Baba yake, Samuel Annesley, alikuwa mhubiri mashuhuri aliyepoteza kanisa lake mwaka wa 1662 kwa kukataa kufuata taratibu za ibada zilizowekwa na serikali. Susanna alihesabiwa kuwa mtoto wa 25 katika nyumba hiyo. Ndiyo, 25, wala si kosa la uchapishaji. Wengi wao walikufa wakiwa wachanga.

Msichana huyu alikulia kati ya vitabu na mabishano ya dini. Kabla hajafikisha miaka 13 alikuwa ameshapima hoja za pande zote mbili, akamwambia baba yake kwamba anahama: anarudi katika Kanisa la Uingereza, lile lile lililomtoa baba yake kazini. Hebu jiulize, wewe ungemwambia babako pasta maneno hayo ukiwa darasa la saba? Mzee Annesley hakumfukuza. Aliendelea kumpenda, na yule binti akaendelea kufikiri kwa kichwa chake mwenyewe, tabia ambayo baadaye ilimkosanisha na mumewe zaidi ya mara moja.

Mume huyo alikuwa Samuel Wesley, kasisi kijana na mtunzi wa mashairi marefu. Walioana Novemba 1688, Susanna akiwa na miaka 19. Baada ya miaka michache walihamia Epworth, mji mdogo wa Lincolnshire katika nchi tambarare yenye vinamasi, na huko ndiko waliishi karibu miaka 40. Susanna alijifungua watoto 19. Tisa walikufa wakiwa wadogo. Mmoja wao alikufa mwaka wa 1705 katika wakati wa uchaguzi: wafuasi wa upande wa pili walipiga kelele na kufyatua bunduki nje ya nyumba usiku kucha, na yaya aliyekuwa na mtoto mchanga alipopitiwa na usingizi wa uchovu akamlalia. Asubuhi mtoto alikuwa hana uhai.

Kumi walibaki: Samuel mdogo, Emilia, Susanna waliyemwita Sukey, Mary aliyeitwa Molly, Mehetabel aliyeitwa Hetty, Anne aliyeitwa Nancy, John aliyeitwa Jacky, Martha aliyeitwa Patty, Charles na Kezia. Wavulana watatu, wasichana saba. Yashike majina hayo, tutayarudia.

Siku ilivyokwenda katika nyumba ile tunaijua vizuri kwa sababu mwaka wa 1732 John, akiwa mtu mzima, alimwomba mama yake amwandikie jinsi alivyowalea. Susanna alimjibu kwa barua ndefu, na kwa kweli ukiisoma unaweza kushtuka.

Mtoto alipofika mwaka mmoja alifundishwa kulia kwa sauti ya chini. Chakula kilikuwa mara tatu kwa siku. Hakuna kuingia jikoni kuombaomba kitu katikati, na ukiwekewa chakula unakula kilichopo. Wadogo walikaa kwenye meza yao karibu na wazazi. Wakitaka kitu walimnong'oneza mtumishi. Wakimwomba mtumishi kitu walisema tafadhali, na mtumishi aliyewaacha wasahau neno hilo alikaripiwa yeye. Hakuna aliyemwita mwenzake jina tupu: ilikuwa kaka fulani, dada fulani, jambo ambalo nyanyako angelielewa bila maelezo. Saa kumi na mbili jioni, baada ya sala ya familia, walikula. Saa moja mtumishi aliwaogesha akianzia kwa mdogo zaidi. Saa mbili wote wako kitandani, macho wazi au macho mafumbo, na hakuna mtu wa kukaa nao hadi walale.

Dini haikungoja Jumapili. Mtoto alianza kujifunza Sala ya Bwana mara tu ulimi ulipofunguka, akaisema akiamka na akilala. Kabla hajaweza kupiga magoti wala kuzungumza, alikuwa ameshajua kuomba baraka ya chakula kwa ishara ya mikono.

Kisha ikaja siku ya miaka mitano. Siku moja kabla, nyumba ilipangwa, kila mtu akapewa kazi yake, na amri ikatolewa kwamba asiingie mtu chumbani kuanzia saa tatu hadi saa sita, na tena kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Saa sita za mama na mtoto mmoja. Katika siku hiyo moja mtoto alitakiwa kujua herufi zote, na wote walizijua, isipokuwa Molly na Nancy waliohitaji siku moja na nusu. Mama yao aliwaona wazito wa kuelewa kwa ajili hiyo, hadi alipogundua jinsi watoto wa watu wengine wanavyochukua muda mrefu zaidi. Baada ya herufi, hakukuwa na kitabu chenye picha ya kuku. Walifungua Mwanzo, sura ya kwanza, mstari wa kwanza, wakaurudia hadi usomeke bila kusita, kisha wa pili. Samuel mdogo ndiye alikuwa wa kwanza kufundishwa hivi. Alianza Februari, na kufikia Pentekoste alikuwa akisoma sura nzima vizuri.

Vitabu vya dini vilivyokuwepo havikumtosha, basi akaandika vyake. Alimwandikia Sukey maelezo marefu juu ya Imani ya Mitume, sehemu baada ya sehemu, kama mwalimu wa chuo. Yote haya aliyafanya huku ama ni mjamzito ama ananyonyesha. Husimuliwa kwamba alipotaka kusali na nyumba imejaa, alijifunika uso kwa aproni yake, na watoto wakajua kwamba hapo mama haguswi.

Tusipake sukari lakini. Kiboko kilikuwepo. Susanna aliamini kwamba utashi wa mtoto lazima ushindwe mapema, ndipo akili yake ifundishike, na hakuona aibu kuandika hivyo. Sisi tunaishi katika nchi iliyopiga marufuku viboko shuleni tangu 2001, na mimi sioni sababu ya kumtetea hapo eti kwa kuwa wanawe walikuja kuwa watu mashuhuri. Wako watu wengi waliopigwa na hawakuwa mashuhuri.

Ila angalia kanuni alizoziweka juu ya kiboko hicho. Anayeungama kosa lake na kuahidi kujirekebisha hapigwi. Hakuna kuadhibiwa wala kukumbushwa kosa moja mara mbili. Mtoto akitii kinyume cha anavyotaka yeye, anasifiwa. Akijaribu kufanya jema akakosea, nia yake inapokelewa na anaonyeshwa kwa upole namna ya kufanya vizuri. Kitu cha mtu ni cha mtu, hata kikiwa pini. Ahadi ni deni, na zawadi ikishatolewa hairudishwi.

Na ya mwisho kwenye orodha: hakuna msichana kufundishwa kushona au kazi nyingine ya mikono kabla hajajua kusoma vizuri sana. Wakati huo ilikuwa kawaida mtoto wa kike kushikishwa sindano kwanza, na kitabu baadaye ikibaki nafasi. Susanna aliigeuza. Wasichana saba katika kijiji cha vinamasi walipewa darasa lile lile walilopewa wavulana, meza ile ile, saa zile zile. Hetty, kwa mafunzo ya baba yake, aliweza kusoma Agano Jipya kwa Kigiriki akiwa na miaka minane. Kanuni hiyo ndiyo fahari kubwa ya shule ile. Baadaye utaona pia ni wapi iliwauma.

Nyumba yenyewe ilikuwa inayumba kila mara. Samuel hakuwa mvivu, ila alikuwa mkulima mbaya na mtunza fedha mbaya zaidi. Mwaka wa 1705 alikamatwa kanisani baada ya ubatizo na kufungwa katika ngome ya Lincoln kwa deni la takriban pauni 30. Akiwa ndani, ng'ombe wake walichomwa visu usiku. Susanna alimpelekea pete zake auze, naye akamrudishia. Alikaa gerezani kama miezi mitatu hadi marafiki walipomchangia. Askofu mkuu wa York alimuuliza Susanna kama iliwahi kufika hatua wakakosa mkate. Alimjibu kwamba hapana, hawakuwahi kuukosa, ila taabu ya kuutafuta kabla ya kuula, na ya kuulipia baada ya kuula, iliufanya usiwe na ladha.

Kabla ya hapo kulikuwa na ugomvi wa amina. Mfalme wakati huo alikuwa William III, aliyeingia baada ya mfalme James II kuondolewa. Susanna aliamini James ndiye mfalme halali. Jioni moja Samuel aligundua kwamba akimwombea William, mkewe haitikii amina. Akamuuliza, naye akamweleza bila kuficha. Samuel akaapa kwamba nyumba yenye wafalme wawili lazima iwe na vitanda viwili, akaondoka kwenda London. Miezi ikapita. Susanna alikuwa tayari kuomba radhi kama angeonyeshwa kosa lake, lakini kuomba radhi kwa jambo asiloliona kuwa kosa aliona ni kumdanganya Mungu. William alikufa Machi 1702, na moto ulioteketeza sehemu ya nyumba mwaka huo ukamrudisha mume. Juni 1703 akazaliwa John. Ukipenda, sema dhehebu zima lilitokana na wana ndoa kupatana.

Moto mkubwa ulikuja usiku wa tarehe 9 Februari 1709. Wengi walishuku uliwashwa na watu, ingawa halikuthibitishwa. Nyumba ilikuwa ya mbao na makuti ya nyasi, ikashika kwa dakika. Yaya alimbeba Charles mchanga, wengine wakamfuata. Susanna, mjamzito, alijaribu kupita mara tatu akarudishwa na ndimi za moto, mwishowe akapita katikati yake, akaungua uso na mikono. Walipohesabu watoto nje, Jacky hayupo. Baba alijaribu kupanda ngazi iliyokuwa inawaka, ikashindikana, akapiga magoti kuikabidhi roho ya mwanawe kwa Mungu. Mtoto wa miaka mitano akaonekana dirishani juu, amesimama kwenye sanduku. Hapakuwa na muda wa kutafuta ngazi nyingine. Mtu mmoja alipanda mabegani mwa mwenzake, akamvuta nje, na papo hapo paa likaanguka ndani.

Hadithi hii ya moto ndiyo inayopendwa makanisani. Mimi kinachonivutia ni kilichofuata. Hapakuwa na nyumba, kwa hivyo watoto waligawanywa kwa jamaa na majirani kwa miezi mingi. Walipokusanywa tena katika nyumba mpya ya matofali, Susanna alikuta watu wengine kabisa. Walikuwa wamejifunza nyimbo za mitaani, wanacheza Jumapili, wanaongea ovyo, adabu imeyeyuka. Kazi ya miaka ilikuwa imeungua pamoja na mapazia.

Alianza upya. Sasa siku ya masomo ilifunguliwa na kufungwa kwa kuimba zaburi. Saa kumi na moja jioni, mkubwa alimchukua mdogo kabisa anayeweza kuzungumza, wa pili akamchukua anayefuata, wakaenda pembeni wawili wawili. Mkubwa akamsomea mwenzake zaburi za siku na sura ya Agano Jipya. Asubuhi ilikuwa zaburi na sura ya Agano la Kale, kisha kila mmoja akasali peke yake, ndipo chai. Ebu tazama hapo: mwalimu mmoja amechoka, kwa hivyo anawafanya wanafunzi kuwa walimu.

Na akaongeza kitu ambacho, kwangu mimi, kinazidi kanuni zote. Kila jioni alitenga muda wa kukaa na mtoto mmoja tu, kuzungumza. Jumatatu Molly, Jumanne Hetty, Jumatano Nancy, Alhamisi Jacky, Ijumaa Patty, Jumamosi Charles, Jumapili Emilia na Sukey. Samuel mdogo alikuwa ameshaenda shule London, na Kezia alikuwa bado mtoto mchanga.

Kama umekulia kwenye nyumba ya vyumba viwili na ndugu watano, huhitaji kuelezwa thamani ya hiyo. Nguo unaweza kurithi, chakula kinagawanyika, hata kitanda mnalala mzungu wa nne. Lakini mama peke yako, mlango umefungwa, anakuuliza roho yako iko vipi na anangoja jibu? Mwaka wa 1732 John alikuwa na miaka 28, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Oxford, mtu wa kujinyima na kupanga kila dakika. Akamwandikia mama yake kumwomba kwamba, akiweza, ampe tena ule muda mdogo wa Alhamisi jioni aliokuwa akimpa zamani, amfikirie na kumwombea. Hakumwomba amkumbushe zile kanuni za kulia kwa sauti ya chini.

Majira ya baridi ya 1711 kuingia 1712, Samuel alikuwa London kwa mkutano mrefu wa makasisi. Kasisi msaidizi aliyeachwa Epworth hakuwavutia watu. Mahubiri yake yalizunguka mada chache, hasa kulipa madeni, jambo ambalo nyumbani kwa Wesley lilisikika kama kijembe. Susanna akaanza kuwasomea watoto na watumishi mahubiri jikoni Jumapili jioni. Mtumishi akawaambia wazazi wake, wakaomba kuja. Majirani wakasikia. Karibu wakati huo Emilia alikuwa amepata kitabu kuhusu wamisionari waliotumwa na mfalme wa Denmark kule Tranquebar, India, na Susanna alipokisoma aliwaka: kama yeye si mwanamume wala si kasisi, bado kuna analoweza kufanya. Akachagua mahubiri bora zaidi aliyokuwa nayo, akayasoma kwa sauti. Watu wakafika zaidi ya 200, wengine wakarudi kwa kukosa pa kusimama.

Kasisi msaidizi akaandika barua ya malalamiko. Samuel akamwandikia mkewe kwamba jambo hili linaonekana vibaya, yeye ni mwanamke, na kwa nini asimpe mwanamume asome? Susanna alijibu kwamba kati ya wanaume waliokuja hakumwona hata mmoja anayeweza kusoma hubiri bila kukwama kwenye maneno. Kuhusu kuacha, alimwambia asimshauri tu wala asimwombe. Atoe amri kamili, ili siku ya hukumu lawama ya watu waliokosa neno iwe juu yake, si juu ya mkewe. Samuel alikuwa mkali, lakini hakuwa mjinga. Amri haikutoka.

Kulikuwa pia na zimwi. Desemba 1716 hadi Januari 1717 nyumba ile ilisikia kubisha, mikwaruzo na miguno ambayo haikupatikana chanzo chake, na familia nzima iliandika kuihusu. Emilia alilipa jina, Old Jeffrey. Lilibisha zaidi baba alipomwombea Mfalme George, yaani hata zimwi lilikuwa na siasa. Baada ya muda watoto walizoea wakawa wanalicheka.

Sasa tuwarudie wasichana.

Samuel mdogo alipelekwa Westminster, John akaenda Charterhouse mwaka wa 1714, Charles akaenda Westminster 1716, na wote watatu wakaingia Oxford. Dada zao, waliosomea meza moja nao, hawakuwa na pa kwenda. Oxford haikuwapa wanawake digrii hadi mwaka wa 1920. Pesa kidogo iliyopatikana ilikwenda kwa karo za wavulana, na wasichana walikaa Epworth na Kigiriki chao kichwani, nguo zimechakaa, wakingoja mchumba katika kijiji ambacho wengi hawakujua kusoma.

Hetty ndiye aliyeungua zaidi. Alikuwa mcheshi, mshairi, labda mwenye kipaji kuliko wote. Mwaka wa 1725 alitoroka na mwanamume aliyemwahidi ndoa, ahadi ikawa hewa, akarudi nyumbani mjamzito. Baba yake hakutaka hata kumwona. Katika majuto yake alikuwa ameapa kuolewa na yeyote ambaye wazazi watamkubali, na mwezi Oktoba akaozwa kwa William Wright, fundi wa mabomba asiyeweza kusoma naye ukurasa mmoja. Molly, yule aliyechelewa kujua herufi kwa nusu siku, ndiye aliyesimama nyumbani kuipinga ndoa hiyo. Mwaka uliofuata John alihubiri juu ya kuwahurumia wakosaji, baba akajua anasemwa, akakasirika. Susanna hakumzuia mumewe. Mwanamke aliyekataa kuitikia amina kwa ajili ya mfalme, na aliyemjibu mumewe kuhusu jikoni kama wakili, safari hii alinyamaza. Kanuni yake ilisema anayeungama hapigwi, wala kosa halirudiwi mara mbili. Hetty aliungama, na adhabu ikarudiwa maisha yake yote.

Watoto wake walikufa mmoja baada ya mwingine wangali wachanga, na yeye mwenyewe aliamini ni moshi wa madini ya risasi yaliyoyeyushwa katika karakana ya mumewe. Aliandika shairi juu ya mtoto aliyekuwa akikata roho siku ya pili baada ya kuzaliwa. Hilo na mengine yalichapishwa na bado yanasomwa. Alifariki mwaka wa 1750.

Wengine sitakaa nao sana. Molly aliolewa kwa furaha na msaidizi wa baba yake, akafa katika uzazi mwaka wa 1734 kabla ndoa haijatimiza mwaka. Sukey alipata mume mkatili, akamkimbia. Emilia alifungua shule yake Gainsborough, kisha akaolewa na muuza dawa aliyemmalizia pesa. Patty aliolewa na Westley Hall, mtu aliyewachumbia dada wawili kwa zamu, Patty na Kezia, na baadaye akamwacha Patty kwa wanawake wengine. Nancy pekee ndiye alionekana kutulia.

Samuel alikufa Aprili 1735. Hata kabla kilio hakijaisha, mwenye ardhi alikamata mifugo kwa deni la pauni 15. Susanna akabaki bila nyumba. Ile ilikuwa ya kanisa. Alikaa kwa watoto wake kwa zamu, na mwisho John alimchukua London katika jengo kuukuu lililokuwa karakana ya kutengenezea mizinga, the Foundery, ambalo sasa lilikuwa makao ya Wamethodisti.

Hapo alifanya darasa moja la mwisho. John alipokuwa safarini, kijana mmoja asiye kasisi, Thomas Maxfield, alianza kuhubiri. John akarudi mbio kumzuia. Kwake hilo lilikuwa uasi. Susanna, aliyekuwa amekaa pale akimsikiliza kijana huyo, alimwambia mwanawe aangalie sana atakalofanya, kwa maana aliona Maxfield ameitwa na Mungu kama alivyoitwa yeye John. Amsikilize kwanza. John alimsikiliza, akakubali, na tangu hapo wahubiri wasio makasisi wakawa ndio mgongo wa vuguvugu. Mwanamke aliyesoma mahubiri jikoni bila kibali hangeweza kusema lingine.

Alikufa Julai 1742, binti zake wakiwa kando ya kitanda pamoja na John. Aliwaomba kwamba akishakata roho wamwimbie Mungu zaburi ya sifa, nao wakafanya hivyo. Akazikwa Bunhill Fields, London, umati mkubwa ukiwa umekusanyika. Ng'ambo ya barabara kutoka makaburi hayo ndipo John alipojenga kanisa lake baadaye.

Patty, yule wa Ijumaa, ndiye aliyekuwa wa mwisho wao kufariki. Baada ya ndoa ile kumvunja na watoto wake wote kufa, alikuja kuwa rafiki wa Samuel Johnson, mwandishi wa kamusi maarufu ya Kiingereza ya mwaka wa 1755, ambaye alipenda kuketi na kujadiliana naye dini na vitabu. John alifariki Machi 1791. Patty akamfuata Julai mwaka huo huo, wakazikwa kaburi moja.